Kijana anakwenda kusoma India? Hesabuni vipindi kwanza, ada baadaye

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi wa Julai, Unguja na Pemba huzuka mjadala ule ule: kijana abaki hapa, au aende India? Hoja zinazotolewa barazani karibu zote ni za ada. Fulani kapata punguzo la nusu, fulani kaambiwa na wakala kwamba chakula na malazi vimo humo humo, fulani kasikia chuo cha huko ni rahisi kuliko cha Dar es Salaam. Sisi tunaoandika barua hii ni walimu washauri na wazazi tunaowasaidia vijana makaratasi ya vyuo vya pande zote mbili, na tunaona ada ndiyo inayowapoteza watu. Kinachomwangusha kijana wa Kizanzibari akiwa India, mara nyingi, ni mahudhurio. Kinachomwangusha akiwa hapa ni kuachiwa huru. Mzazi asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipa vizuri na bado akapoteza mwaka.

Tuanze na kalenda, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Mitihani ya kidato cha sita hufanywa Mei na matokeo hutoka Julai. Vyuo vyetu huanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, kwa hiyo ipo nafasi ya kuomba, kukosa awamu ya kwanza, kuomba ya pili, na bado ukaingia darasani pamoja na wenzako. India mwaka huanza Julai au Agosti. Kijana aliyengoja matokeo ndipo atafute chuo, angoje barua, aombe viza, akate tiketi, hufika Septemba. Chuo kitampokea, kwa sababu ni mwanafunzi wa kigeni na ada yake imeshaingia. Daftari la mahudhurio halikumngoja.

Hesabu yake ni hii. Chukua somo lenye vipindi 4 kwa wiki, katika muhula wa wiki 16: jumla vipindi 64. Sharti la kawaida la vyuo vya India ni kuhudhuria asilimia 75, yaani vipindi 48. Maana yake muhula mzima una ruhusa ya kukosa vipindi 16 tu. Anayeingia darasani mwanzo wa wiki ya tano, 16 zake zimekwisha kabla hajajua choo kiko wapi. Tangu hapo hana ruhusa ya kuumwa hata siku moja, na mwezi wa kwanza ugenini, kwa maji mageni na chakula kigeni, ndio mwezi wa kuumwa. Vyuo vingi hutoa msamaha mpaka asilimia 65 kwa mwenye cheti cha daktari, lakini msamaha huo si haki ya mtu, na cheti hutakiwa kipelekwe siku zile zile za kurudi darasani, si kutafutwa mwisho wa muhula. Aliyepungukiwa hapewi hati ya kuingilia mtihani, ile wanayoiita holi tiketi. Hata awe ameelewa somo kuliko mwalimu, haketi. Akizuiwa masomo yote hurudia muhula kwa ada mpya, na kwa kuwa masomo ya muhula wa kwanza aghalabu hayafundishwi tena mpaka mwaka ujao, muhula mmoja hugeuka mwaka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza chuo chochote cha India lisiwe la punguzo. Liwe hili: mahudhurio ya mwanafunzi wa kigeni yanahesabiwa tangu siku ya kwanza ya masomo, au tangu siku aliyosajiliwa? Jibu liwe la maandishi, kwa barua pepe ya chuo, si sauti ya wakala kwenye WhatsApp. Na dawa yenyewe ni kuanza mapema. Pasipoti iwe mkononi kufikia Februari. Maombi yapelekwe Machi au Aprili kwa cheti cha kidato cha nne na matokeo ya majaribio ya kidato cha sita, ili chuo kitoe barua ya kukubali kwa masharti. Julai kilichobaki kiwe kuchapisha matokeo kutoka mtandao wa Baraza la Mitihani na kukimbilia viza. Asiyeweza kufika ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa maoni yetu, aombe kuahirisha mpaka mwaka ujao au asome hapa.

Katika hilo la pasipoti lipo tatizo letu sisi wenyewe: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cheti cha skuli Hamis, pasipoti Khamisi. Mwingine ni Mohammed huku na Mohamed kule, au jina la babu lipo kwenye karatasi moja na halipo kwenye nyingine. Hapa karani atakuelewa, maana na yeye ana ndugu wa namna hiyo. Fomu za India zinajazwa kwenye mtandao, zinadai jina la ukoo mahali pake na majina mengine mahali pake, na herufi moja ikitofautiana maombi hurudi. Rekebisheni tangu kidato cha tano. Kiapo cha mahakamani husaidia, lakini kila ofisi mpya italiuliza jambo hilo upya, na kiapo chenyewe kitakuwa kimebaki Wete.

Sasa siku ya mwanafunzi. Kwenye vyuo vyetu, iwe SUZA iliyoanza kupokea wanafunzi 2001, iwe Zanzibar University pale Tunguu au SUMAIT kule Chukwani, ratiba ina mapengo. Mhadhara mmoja saa 2 asubuhi, mwingine saa 8 mchana, na katikati hakuna anayeuliza upo wapi. Karatasi ya saini hupitishwa na wajanja huwasainia wenzao. Maelezo ya somo huja kwenye kundi la WhatsApp la darasa kupitia kwa kiongozi wa darasa. Kazi za makundi ni nyingi. Majina manane yamo kwenye jalada na waliofanya ni wawili. Mwenye nidhamu yake hufaidi mno mfumo huu, kwa sababu yale mapengo ni saa za maktaba. Asiye nayo huyamaliza kibandani, kisha wiki ya 13 anaanza kuomba madaftari.

India siku imejaa kama gunia la karafuu. Vipindi vya dakika 50 au 55, sita au saba kwa siku, tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni, na vyuo vingine husoma Jumamosi pia. Majina huitwa kila kipindi. Masomo ni 5 mpaka 7 kwa muhula, na yale ya sayansi yana maabara yake. Hapo kwenye maabara tungependa kusimama kidogo, maana vijana wetu huona mchezo. Kila jaribio huandikwa kwa mkono katika daftari maalumu: lengo, vifaa, hatua, mchoro, majedwali, matokeo. Wiki inayofuata mwalimu hulitia saini. Jaribio lisilo na saini ni kama halikufanywa, na daftari lisilokamilika humzuia mtu mtihani wa vitendo, ambao una alama zake mbali na sehemu ya kuulizwa kwa mdomo. Kijana aliyezoea kupiga picha daftari la mwenzake atakesha usiku wa mwisho akinakili majaribio 10, na mwalimu, aliyekwisha kuona mengi, humrejeshea. Andikeni siku ile ile.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza pande zote mbili, na pande zote mbili hakidumu. Hapa mwalimu akiona nyuso zimefifia huhamia Kiswahili na darasa hufumbuka. Kule atahamia Kihindi, Kitamil, Kitelugu au Kikannada kwa kutegemea jimbo, na anayebaki gizani ni kijana wetu. Kuinua mkono na kuomba irudiwe kwa Kiingereza si utovu wa adabu. Walimu wengi hurudia bila kinyongo.

Malazi. Nafasi za dakhalia katika vyuo vyetu ni chache kuliko wanafunzi, kwa hiyo wengi hupanga chumba au hukaa kwa jamaa. Kijana wa Pemba anayesoma Tunguu mara nyingi hufikia kwa ami yake au shangazi yake mjini, akapanda daladala asubuhi na kurudi jioni. Kodi huwa hakuna, ila ipo gharama isiyoandikwa: binti anayekaa kwa jamaa huosha vyombo, hubembeleza watoto, hupika futari, na kitabu hufunguliwa saa 5 usiku. Tunalisema hili kwa sababu wazee wengi huhesabu makazi ya jamaa kuwa ni bure. Si bure, hulipwa kwa saa za kusoma. Wenyeji wakielezwa mapema kwamba wiki mbili za mitihani binti huyu asitumwe, wengi huelewa.

Dakhalia ya India ni jambo jingine kabisa. Ina msimamizi, ina daftari la kutoka na kuingia, ina saa ya kufunga geti, na ya wanawake hufungwa mapema zaidi, aghalabu saa 2 au saa 3 usiku. Kulala nje kunahitaji ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Wazee wetu wengi wakisikia hivyo hufurahi, na wana haki yao, lakini kumbukeni tofauti ya saa: India ipo mbele yetu kwa saa 2 na dakika 30. Ukimaliza Isha na chakula ukapiga simu saa 3 usiku, kule ni saa 5 na nusu, chumbani wapo watu wawili au watatu na taa imezimwa. Pigeni baada ya Alasiri.

Chakula cha dakhalia hulipwa kwa muhula mzima, kwa kawaida mbele. Sahani ni chapati, wali, dengu na mboga ya viungo, na mtindi pembeni. Mzanzibari hatashangaa viungo, ameshakula biriani na sambusa tangu utotoni. Kitakachomshinda ni siku nyingi mfululizo bila samaki na bila nazi. Kusini, Kerala na pwani ya Tamil Nadu, hali ni nafuu. Vyuo vingi vya kaskazini na magharibi haviruhusu nyama wala yai ndani ya jiko la chuo, vingine hutoa kuku mara mbili kwa wiki. Ulizeni kabla: je, nyama inayopikwa ni ya halali, na anayekwenda nje kwa siku kadhaa anarejeshewa pesa za mlo? Kawaida marejesho yapo, ila lazima utoe taarifa siku kadhaa mbele. Ramadhani hutaka mipango zaidi. Jiko hufungwa mapema usiku na daku halipo kwenye ratiba yao. Jiko la umeme na hita ya kuchovya majini ni marufuku chumbani karibu kila dakhalia, kwa kuhofia moto, na zikikamatwa huchukuliwa na faini juu. Birika la umeme vyuo vingine huliruhusu. Dakhalia zenye Waislamu wa kutosha huandika barua kwa msimamizi wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na mpishi huacha wali na dengu kwenye vyombo vya kuhifadhi joto. Barua hiyo lazima iandikwe. Haitokei yenyewe, na hapa kwetu, ambapo ofisi na madarasa yote yanafuata mwezi, kijana hakuwahi kulazimika kuiomba.

Umeme wa huko ni wa volti 230 kama wetu, lakini tundu za ukutani ni za pini za mviringo. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Adapta zinapatikana kwa bei ndogo huko huko, asijaze begi. Pasi na feni aviache nyumbani. Anachohitaji ni koti na nguo nzito ikiwa chuo kipo Delhi, Punjab au Haryana, kwani Disemba na Januari baridi hushuka mpaka nyuzi chache tu usiku na vyumba havina joto, halafu Mei na Juni jua hupita nyuzi 40. Bengaluru hali ni ya wastani mwaka mzima. Chennai ni joto letu na unyevu wetu, bila upepo wa kusi wa kwetu.

Alama nazo hazifanani. Hapa kwa kawaida kazi za muhula huchukua 40 na mtihani wa mwisho 60, na shahada hupimwa kwa GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, yenye kilele cha 5.0: daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili juu 3.5, la pili chini 2.7, la kupasi 2.0. Anayefeli somo hufanya sapu, yaani mtihani wa marudio, kabla ya mwaka mpya wa masomo, na akishindwa hulibeba au kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa mujibu wa kanuni za chuo chake. India kipimo ni cha 10. Mgawanyo hutofautiana, 30 kwa 70, 40 kwa 60, 50 kwa 50, na la kuangalia ni kama mtihani wa mwisho una kiwango chake pekee cha kupasi. Vyuo vingi vinacho: ukiwa na alama nzuri za ndani lakini hukufika kiwango kwenye mtihani, umefeli somo. Somo lililofeliwa hubaki na mtu huku akiendelea na muhula unaofuata, na hulirudia mtihani ukija tena. Wapo wanaofika mwaka wa mwisho na masomo sita mgongoni, na hapo ndipo mzazi hujulishwa kwa mara ya kwanza. Mzazi aombe nakala ya matokeo kila muhula, karatasi yenyewe, si maneno.

Mitihani ya kule ina mtindo wake: maswali mengi mafupi ya alama 2, ya kati ya alama 5, marefu ya alama 10 au zaidi, na mada hujirudia. Maduka ya kutoa fotokopi nje ya chuo huuza mitihani ya miaka iliyopita ikiwa imefungwa kitabu. Kijana wetu aliyezoea kueleza jambo moja kurasa mbili hukosa muda. Afanye mtihani mmoja wa zamani kila wiki akiwa na saa mezani.

Kuingia pia kuna hesabu yake. Hapa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, hutaka alama mbili kuu zenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1. India hupima kwa asilimia za masomo, na cheti chetu kina herufi tu. Ambatisheni jedwali la viwango vya kidato cha sita: A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39. Bila jedwali hilo karani wa udahili hubahatisha, na hubahatisha kwenda chini. Uhandisi wanataka fizikia, kemia na hisabati, kwa hiyo wa PCB, aliyesoma biolojia badala ya hisabati, asidanganywe.

Kuhusu serikali ya huko: mwenye viza ya masomo inayozidi siku 180 lazima ajisajili kwenye ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kufika. Siku hizi hufanywa mtandaoni. Hutakiwa pasipoti, viza, picha, barua ya chuo kwamba ni mwanafunzi halali, na uthibitisho wa makazi. Aliye dakhalia hupata uthibitisho huo chuoni. Anayepanga nyumba mtaani humtegemea mwenye nyumba aliyetoa taarifa ya mgeni, iliyokuwa ikijulikana kama Fomu C, na wenye nyumba wengi hawataki usumbufu huo. Ndiyo sababu tunashauri mwaka wa kwanza uwe wa dakhalia, hata kama chumba cha mtaani ni nafuu. Akichelewa kusajiliwa hutozwa faini, na kubwa kuliko faini ni kwamba benki hutaka usajili huo kabla ya kufungua akaunti. Bila akaunti hana malipo ya simu ambayo India nzima, mpaka muuza chai, inayatumia. Viza ya masomo hairuhusu kazi ya kulipwa. Wakala anayesema kijana atajilipia ada kwa vibarua anadanganya.

Wenye ufadhili wa ICCR, baraza la uhusiano wa utamaduni la serikali ya India, nao wajue hili. Posho ya shahada ya kwanza, iliyokuwa rupia 18,000 kwa mwezi, pamoja na ya nyumba, huingia kwenye akaunti ya benki ya India. Akaunti hungoja usajili, usajili hungoja barua ya chuo. Miezi miwili mpaka mitatu ya mwanzo inaweza kupita bila kitu, na kijana aende na fedha ya kumtosha muda huo. Anayebeba zaidi ya dola 5,000 taslimu lazima azitangaze forodhani. Kwetu hapa bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, nalo huchelewa, lakini kuna ndugu wa kukukopesha boflo na maharage, ugenini hayupo.

Punguzo la asilimia 50 tumelitaja mwanzo, na hatuna mengi. Ulizeni ni asilimia 50 ya ada ipi, ni kwa miaka yote au mwaka wa kwanza, na hufutwa kijana akifeli somo moja? Kisha ongezeni ada ya mitihani, amana ya kurejeshwa, dakhalia, chakula na ada ya mwanafunzi wa kigeni. Ulizeni pia kama shahada ni ya miaka 3 au 4, maana tangu sera ya elimu ya 2020 vyuo vingi vya huko vimeanza mpango wa miaka 4. Jina la chuo litazamwe kwenye orodha ya UGC, tume ya vyuo vikuu ya India, ambayo pia hutangaza orodha ya vyuo bandia; kwa fani za ufundi itazamwe pia orodha ya AICTE, baraza la elimu ya ufundi la huko. Kabla ya kuondoka pateni barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, kwa kuwa ni TCU hiyo hiyo itakayotakiwa kuitambua shahada kijana atakaporudi kuomba kazi.

Rai yetu? Kwa ualimu, biashara, utawala na lugha hatuoni sababu ya kuvuka bahari. Kwa fani ambazo hapa hazipo au nafasi zake ni chache, India inafaa, kwa kijana anayeamka mwenyewe asubuhi. Na anayetaka mtaala wa India wa sayansi ya data na akili mnemba hana lazima ya viza: kampasi ya IIT Madras, mojawapo ya vyuo vya teknolojia vya serikali ya India, ipo Bweleo hapa Unguja tangu 2023, ya kwanza ya IIT kufunguliwa nje ya India, ingawa mchujo wake ni mkali.

Uonevu dhidi ya wanafunzi wapya, ambao vijana huuogopa sana, ni kosa kwa kanuni za UGC za 2009. Kila mwanafunzi na mzazi wake hutia saini tamko la kuupinga, na namba ya bure ya kuripoti ni 1800-180-5522. Aiandike kwenye simu kabla hajapanda ndege.

Mwisho wa masomo asikimbilie nyumbani siku ya matokeo. Akusanye karatasi za matokeo za mihula yote, nakala ya jumla, cheti cha muda na barua ya kuhama, na kabla ya kuondoka aache idhini ya maandishi kwa mtu atakayemchukulia cheti halisi, ambacho hutolewa kwenye mahafali na huweza kuja mwaka mzima baadaye. TCU itaitaka nakala ya kila muhula, pamoja na ule aliofeli na kurudia.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali izitake skuli zote zenye kidato cha sita ziitishe kikao cha wazazi kila Februari, si Julai, na kalenda za vyuo vya nchi zote mbili zibandikwe ubaoni siku hiyo, zikiwa na tarehe ya siku ya kwanza ya masomo kwa kila chuo.

Walimu washauri na wazazi,
Chake Chake, Pemba.